Dubwana na Bikizee: Mipaka ya Kubuni Viumbe wa Kimuujiza katika Ngano ya Masala Kulangwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa na dubwana Shing'weng'we kwa kuichukulia kuwa kanuni ya ubunifu: mwongozo wa ndani unaoonyesha namna jamii inavyobuni viumbe wa kimuujiza na namna inavyoyawekea mipaka mamlaka ya viumbe hao juu ya binadamu. Hoja kuu ni kwamba ngano hii inatofautisha aina mbili za uadui. Wa kwanza ni uadui wa dubwana, ambalo halina uso wa mtu yeyote kijijini na linaweza kuuawa. Wa pili ni uadui wa bikizee aliyekatwa sikio, ambaye ni jirani na ambaye hana budi kuponywa. Kwa kuilinganisha ngano hii na hekaya ya nunda ya Waswahili, tamthilia ya Kisotho ya Senkatana na kazi kadhaa za fasihi andishi ya Kiswahili, makala yanaonyesha kwamba tofauti hiyo ni uamuzi wa kisanaa wenye uzito wa kimaadili. Uzito huo unaonekana wazi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ambako binadamu wameuawa kwa sababu walikwisha kugeuzwa viumbe wa kubuni.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fantasia katika fasihi ya Kiswahili mara nyingi umeongozwa na swali moja: kiumbe huyu anawakilisha nini? Zimwi husomwa kama ukoloni, jini kama tamaa, mzuka kama historia isiyozikwa ikaisha. Swali hili lina manufaa yake, na makala haya hayakusudii kulifuta. Hata hivyo, lina upungufu mmoja. Linachukulia kwamba msomaji au msikilizaji amekwisha kukubali kuwa kiumbe ni ishara, na kwamba kilichobaki ni kuifumbua. Mahali ambapo watu huishi na viumbe wa kimuujiza kama sehemu ya maelezo yao ya ugonjwa, kifo na bahati, swali jingine hutangulia: ni nani kijijini anayeweza kudhaniwa kuwa ndiye kiumbe huyo? Swali la kwanza tunaweza kuliita swali la ishara, na la pili swali la utambuzi.

Swali la utambuzi lina historia nzito katika eneo linalohusika hapa. Utafiti wa Simeon Mesaki kuhusu mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984 unataja vifo 3,693, wanaume 1,407 na wanawake 2,286, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea Usukumani. Wengi wa wanawake hao walikuwa vikongwe. Miongoni mwa alama zilizotumiwa kuwatambua ni macho mekundu, jambo ambalo aliyezoea jiko la moshi halimshangazi. Kwa hiyo mwandishi anayeketi leo Kahama, Shinyanga au Geita kubuni mchawi, dubwana au kiumbe wa angani haandiki mahali patupu. Anaongeza mhusika katika ulimwengu ambao tayari una wahusika wengi, na baadhi yao wamepewa nyuso za watu halisi.

Makala yanajadili jinsi ngano ya Masala Kulangwa inavyolijibu swali hilo. Toleo linalorejelewa zaidi ni lile lililomo katika kitabu cha Joseph Healey na Donald Sybertz kuhusu teolojia simulizi ya Kiafrika, kilichotolewa Nairobi mwaka 1996. Sybertz alifanya kazi kwa miaka mingi miongoni mwa Wasukuma katika Jimbo Katoliki la Shinyanga. Waandishi hao waliisoma ngano kwa jicho la teolojia, ambalo humtazama zaidi Masala Kulangwa kama mkombozi. Hapa uzito unahamishiwa kwa wahusika wawili wa kike ambao usomaji wa namna hiyo huwaacha pembeni: mama wa Masala Kulangwa na bikizee aliyekatwa sikio.

2.0 Ulimwengu wa Pamoja na Wenyewe

Muhtasari wa ngano ni huu. Dubwana Shing'weng'we lilimeza watu wote duniani pamoja na mali zao. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina linalofasiriwa kuwa mtu mwerevu, mwenye utambuzi. Kijana alipokua alimuuliza mama yake kwa nini wako wawili tu, naye akaelezwa. Tangu hapo akawa anakwenda kulitafuta dubwana, na kila alipoua kiumbe fulani alirudi akiimba kwamba amelipata, mama akamjibu kuwa sivyo. Hatimaye alilikuta lenyewe, akaliua na kulipasua, na watu wote wakatoka wakiwa hai. Kwa bahati mbaya kisu chake kilikata sikio la bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Bikizee alikasirika, akamtukana na kujaribu kumroga. Rafiki za kijana walimlinda, na mwishowe yeye mwenyewe alitafuta dawa akamponya bikizee. Watu wakamfanya kuwa mtemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Shing'weng'we halina mtunzi anayejulikana, wala halimilikiwi na ukoo mmoja. Kila msimulizi anaruhusiwa kuliongezea ukubwa, mlio na makazi, ilimradi hadhira ilitambue. Hiyo ndiyo maana ya ulimwengu wa kubuni wa pamoja: wasanii wengi hutumia viumbe walewale kwa kufuata kanuni ambazo hazikuandikwa lakini zinajulikana. Alice Werner, katika kitabu chake cha mwaka 1933 kuhusu visasili vya Wabantu, alilitengea dubwana mmezaji sura nzima, akionyesha kwamba motifu hii imeenea kutoka Afrika ya Kusini hadi milima ya Usambaa, ambako mmezaji huyo ni boga. Kwa hiyo tunazungumzia mali ya pamoja ya eneo kubwa sana, ambayo kila jamii imeipa umbo na hatima yake.

Riwaya ya majaribio ya Kiswahili ilichukua njia nyingine. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliujenga ulimwengu wa Nagona (1990) na Mzingile (1991) kwa visasili vya asili mbalimbali, lakini ulimwengu huo umebaki kuwa wake. Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) alimchukua mtoto asiyekua wa hadithi za Kiingereza, Peter Pan, akamfanya P.P., mharibifu wa dunia nzima. William Mkufya katika Ziraili na Zirani (1999) alipandisha mgogoro wa imani na ukanaji Mungu hadi ahera. Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) alimrudisha marehemu aje kumhoji mjukuu aliyenona kwa madaraka. Katika kazi hizi kiumbe wa kimuujiza ana saini ya mwandishi. Msomaji hawezi kutoka nyumbani kwake akamtafuta P.P. kwa jirani, kwa sababu P.P. anaishi ndani ya kitabu.

Kiumbe wa pamoja hana ulinzi huo wa jalada. Anatembea, na anaweza kuingia nyumba yoyote. Jambo hili si la Afrika pekee. Nchini Marekani, H. P. Lovecraft alishirikiana na waandishi rafiki zake, wakiwamo Clark Ashton Smith na Robert E. Howard, kuazimana miungu na viumbe wa kutisha kutoka nje ya dunia. Hadithi yake ya mwaka 1928 kuhusu Cthulhu ilianzisha jamii ya viumbe ambayo inaendelezwa na wengine hadi leo. Lakini mwaka mmoja kabla, katika hadithi inayotokea Red Hook, Brooklyn, mwandishi huyohuyo alichukua hofu ileile ya kimbingu akaitua juu ya wahamiaji maskini wa mtaa huo. Cthulhu hana jirani anayefanana naye. Wahamiaji wa Red Hook walikuwa watu, wenye anwani. Chombo cha ubunifu kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni mahali kilipoelekezwa.

3.0 Sauti ya Mama na Utaratibu wa Utambuzi

Sehemu ndefu zaidi ya ngano ya Masala Kulangwa, kwa muda wa kusimulia, ni ile ya utafutaji. Kijana anaanza kwa kuua panzi na kurudi akishangilia. Mama anamwambia kwamba huyo ni panzi tu, wamchome wamle. Anafuata ndege, kisha wanyama wakubwa zaidi, na kila mara wimbo wa ushindi unakutana na jibu lilelile. Wasikilizaji, hasa watoto, hucheka. Kicheko hicho hutufanya tuione sehemu hii kuwa kiburudisho cha kunyoosha hadithi kabla ya pambano. Usomaji huo hautoshi.

Kwanza, takriri hii imo pia pwani, katika hekaya ya Sultani Majinuni aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Humo mtoto wa sultani anakwenda kumwinda nunda, mla watu, na kumletea mama yake mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi tembo, na kila mara anaambiwa siye. Jamii mbili zenye mazingira tofauti, moja ya wafugaji na wakulima wa bara na nyingine ya miji ya pwani, zimeihifadhi sehemu ileile ya muundo. Sehemu inayodumu namna hiyo si pambo. Inafanya kazi ambayo ngano haiwezi kusimama bila yake.

Pili, tuangalie nani anayejua. Masala Kulangwa ana nguvu, shauku na sababu ya haki, lakini hajapata kuliona dubwana. Mama ndiye shahidi. Aliliona likimeza na akabaki. Kwa hiyo ngano inayatenga mamlaka mawili ambayo umati wenye hasira huyaunganisha, yaani mamlaka ya kupiga na mamlaka ya kutambua. Anayeshika silaha hana haki ya kuamua peke yake kuwa aliyemwangusha ndiye adui. Hana budi kurudi nyumbani na kuuliza. Jina la shujaa, mwenye utambuzi, halimwelezi alivyo mwanzoni. Linaeleza atakavyokuwa baada ya kusahihishwa mara nyingi.

Tatu, kosa la kijana lina mwelekeo. Kila mara anakosea kwa kukipa kiumbe cha kawaida hadhi ya dubwana. Hakuna mahali anapokutana na dubwana akalidhania panzi. Ngano inajua kwamba hatari ya mtu aliyefiwa na kila mtu ni kuona Shing'weng'we katika kila kinachosogea. Mama hamkaripii wala hamkatishi tamaa. Anamrudishia kila kiumbe jina lake: panzi ni panzi, ndege ni ndege. Huu ni mfumo wa uhakiki uliowekwa ndani ya hadithi yenyewe, na unatangulia mauaji.

Hekaya ya nunda inaongeza jambo ambalo ngano ya Kisukuma haina. Nunda alianza kama paka wa sultani mwenyewe. Alipokula kuku na mifugo ya watu, malalamiko yao yalipuuzwa mpaka wana wa sultani walipoliwa. Dubwana hapa limelelewa ikulu. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na methali hiyo ina ucheshi wa watu waliozoea kuishi karibu na mwenye nguvu. Nunda anaupinga ucheshi huo, kwani alijulikana na alikula bila kubakiza. Hata hivyo, katika hekaya zote mbili utambuzi ni kazi inayochukua muda, na muda huo ndio unaolindwa na takriri.

4.0 Sikio la Bikizee

Kama ngano ingekusudia kusifu ushindi tu, ingeishia pale watu wanapotoka tumboni. Haiishii hapo. Ushindi unazaa mdai. Bikizee aliyeokolewa ndiye pia aliyejeruhiwa, na kisu kilichomfungulia mlango ndicho kilichochukua sikio lake.

Bikizee huyu anabeba kila alama ambayo katika Usukuma wa karne ya ishirini ilitosha kumfanya mtu ashukiwe: ni mwanamke, ni mzee, ana hasira, anatukana hadharani, na anajaribu kuroga. Ngano haimtakasi. Lakini inafanya jambo moja ambalo tuhuma za uchawi hazifanyi: inaipa hasira yake historia. Msikilizaji anajua chanzo chake kabla ya kusikia tusi. Katika tuhuma, hasira ya kikongwe huchukuliwa kuwa ushahidi wa asili yake ya siri. Katika ngano, hasira ni jibu la jeraha linaloonekana. Hapo ndipo bikizee anapobaki kuwa mtu. Kiumbe wa kimuujiza ana asili, lakini mtu ana sababu.

Hatua mbili zinafuata, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza rafiki wanamlinda kijana. Hawamkamati bikizee, hawamhukumu, hawamfukuzi. Kisha kijana anatafuta dawa na kuponya sikio. Kisu kilichoua Shing'weng'we hakirudi tena kazini. Mara tu baada ya uponyaji huo watu wanamfanya mtemi. Kwa mpangilio wa matukio, utemi hauji mara baada ya kuua dubwana, bali baada ya kumponya aliyelalamika. Mhakiki anayemwona Masala Kulangwa kama muuaji wa dubwana tu anamvika taji mapema kuliko ngano ilivyomvika.

Uamuzi huu haukuwa wa lazima. Katika tamthilia ya Kisotho ya S. M. Mofokeng, Senkatana (1952), shujaa analiua dubwana lilelile mmezaji na kuwatoa watu, lakini mwishowe anauawa na watu wale aliowaokoa. Mofokeng alichukua manung'uniko ya waliotoka tumboni akayafikisha kwenye tanzia. Msimulizi wa Kisukuma alichukua manung'uniko yaleyale akayafikisha kwenye tiba. Kuwapo kwa miisho hii miwili kunathibitisha kwamba nyenzo za pamoja hazimlazimishi msanii. Anaweza kumwua mwokozi, anaweza kumwua mlalamikaji, anaweza kumponya. Anachochagua ndicho anachowajibika nacho.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba ngano inathibitisha uchawi, kwa kuwa bikizee anajaribu kuroga kweli, na kwamba jamii iliyoisimulia kwa vizazi ndiyo iliyoshuhudia mauaji yaliyotajwa. Sehemu ya kwanza ya pingamizi ni sahihi: ngano haikanushi uchawi. Lakini inakataa hitimisho ambalo umati hulifikia kutoka kwenye imani hiyo. Kujaribu kuroga hakumgeuzi bikizee kuwa Shing'weng'we. Sehemu ya pili inadai fasihi iwe na nguvu ambayo haina. Ngano haishiki mkono wenye panga. Inachoweza kufanya ni kuweka katika kumbukumbu ya jamii mfano wa mwenendo mwingine, na kazi ya uhakiki ni kuuonyesha mfano huo. Historia ya Sungusungu inafundisha jinsi mfano huo unavyoweza kusahauliwa. Jeshi hili la jadi lilianza katika maeneo ya Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, likasifiwa kwa kupambana na wizi wa ng'ombe, lakini baadhi ya vikundi vyake vilihusishwa pia na kuwasaka walioitwa wachawi. Walinzi walivuka mpaka ambao rafiki za Masala Kulangwa hawakuuvuka.

5.0 Mtu Anapogeuzwa Kiumbe

Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 yanaonyesha upande mbaya zaidi wa ubunifu wa pamoja. Deborah Bryceson na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2010, waliyahusisha mauaji hayo na soko la hirizi za bahati miongoni mwa wachimbaji wadogo na waganga waliowahudumia. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino. Sheria ilitamka kilichopaswa kuwa wazi tangu mwanzo: aliyeuawa alikuwa mtu.

Kwa mhakiki wa fasihi, jambo la kuchunguza ni simulizi zilizoyatangulia mauaji. Ilisemwa kwamba watu hawa hawafi bali hutoweka. Neno zeruzeru, ambalo leo wengi wanaliepuka, liliwaweka mpakani mwa watu na mizuka. Kauli ya kwamba mtu fulani hafi ni kauli ya kubuni kiumbe. Ina muundo uleule ambao mtunzi wa fantasia hutumia anapompa mhusika wake sifa ya pekee: hana kaburi, mwili wake una nguvu, mfupa wake huvuta dhahabu. Tofauti ni kwamba kiumbe huyo amewekwa ndani ya mwili wa mtoto wa jirani. Hapa hapakuwa na mama wa kusema siye.

Fasihi andishi imewahi kuijadili hatari hiyo. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa nguvu za jini Huria, na Adili analazimika kuwapiga kila usiku. Hekaya ingeweza kuridhika na adhabu. Badala yake inamleta Mfalme Rai, ambaye jicho lake linaona kwamba kuna jambo lisilo la kawaida katika wanyama hao na katika majonzi ya anayewapiga, na mkondo wote wa kitabu unaelekea kwenye kuwarudishia ubinadamu wao. Umbo la mnyama ni la muda. Undugu unabaki. Shaaban Robert anatumia maajabu ya aina ambayo Waswahili waliizoea katika hekaya zao, lakini anafika mahali palepale ngano ya Kisukuma ilipofika: aliyepewa umbo la kiumbe lazima arudishiwe jina lake.

6.0 Shimo la Buzwagi

Mwandishi anayetaka kulihuisha Shing'weng'we leo katika ukanda wa dhahabu hahitaji kutafuta mbali. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 kwa uchimbaji wa shimo la wazi, ukafunga shughuli zake mwaka 2021. Kilichobaki ni kinywa kipana ardhini. Mwaka 2017 mgodi huo na ule wa Bulyanhulu ulitajwa kila siku nchini kote, baada ya serikali kuzuia usafirishaji wa makinikia na makontena 277 kukwama bandarini Dar es Salaam. Mjadala wa wakati huo ulijaa lugha ya kumezwa, kuibiwa na vita ya uchumi. Kwa upande wa wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama, kumezwa si sitiari hata kidogo. Duara likiporomoka, watu hubaki chini ya kifusi.

Kwa hiyo mlinganisho wa mgodi na dubwana unakuja wenyewe, na una haki yake. Una hata ubora mmoja wa kimaadili: mgodi, kama Shing'weng'we, hauna uso wa jirani. Unaruhusu hasira ya jamii ielekezwe kwenye mfumo, yaani mikataba, bei, umiliki wa ardhi na ugawaji wa mapato, mambo ambayo hayawezi kukatwa panga usiku. Mtunzi anayemfanya mmezaji kuwa shimo anafanya kazi bora kuliko yule anayemfanya kuwa bikizee wa nyumba ya tatu.

Hata hivyo, kanuni ya mama inapaswa kutumika hapa pia. Shimo linaonekana, na kinachoonekana kwa urahisi mara nyingi ni panzi. Je, mmezaji ni shimo, au ni kampuni iliyolichimba, au ni aliyetia saini, au ni soko la mbali linalopanga bei ya dhahabu? Mtunzi anayejibu haraka ataandika kijitabu cha propaganda. Mtunzi anayemruhusu mhusika wake akosee, arudi, asahihishwe na kwenda tena, ataandika fantasia inayofikiri. Hekaya ya nunda inamsaidia kwa kumkumbusha aulize pia paka huyu alilelewa na nani.

Kisha kuna suala la sikio. Ukombozi wowote katika ukanda huu, uwe wa kuzuia makinikia, wa kufunga mgodi au wa kuurudishia umma eneo lake, huacha watu waliokatwa: aliyepoteza ajira, muuza chakula aliyepoteza wateja, familia iliyohamishwa mgodi ulipofunguliwa na ambayo kufungwa kwake hakukuirudisha. Fantasia ya kisasa inayoishia kwenye shangwe ya dubwana kupasuliwa inawaacha hawa nje ya hadithi. Ngano ya kale iliwaweka ndani, ikampa mmoja wao haki ya kutukana, na ikamtaka shujaa ayasikilize matusi hayo kama dai.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ngano ya Masala Kulangwa ina nadharia yake ya ubunifu wa viumbe wa kimuujiza. Nadharia hiyo inamtaka mbunifu alipe dubwana umbo ambalo haliwezi kubandikwa juu ya mtu anayeishi. Inamtaka aweke ndani ya kazi yake sauti yenye ujuzi wa kusema siye, na aipe sauti hiyo muda. Na inamtaka amfuatilie aliyejeruhiwa na ushindi mpaka aponywe. Masharti haya hayapunguzi uhuru wa kubuni. Shing'weng'we linaweza kuwa kubwa kama anga, na kila msimulizi anaweza kuliongezea mkia. Kinachowekewa mpaka ni njia ya kutoka kwenye dubwana kwenda kwa jirani.

Kwa upande wa uhakiki, hii ina maana kwamba swali la ishara halitoshi tunapozisoma kazi za fantasia zinazotumia nyenzo za pamoja, ziwe riwaya, tamthilia, filamu au vitabu vya watoto. Sambamba na kuuliza mchawi wa kazi fulani anawakilisha nini, tuulize ana umri gani, macho yake yana rangi gani, anaishi wapi, na ni nani atakayefanana naye hadithi ikiisha. Wanafunzi wanaokusanya ngano katika wilaya za Kahama, Msalala na Geita nao wangefanya vyema kurekodi kwa uangalifu mwisho wa kila toleo, kwani sehemu inayofuata baada ya dubwana kufa ndiyo rahisi zaidi kukatwa pale hadithi inapofupishwa kwa ajili ya darasa au jukwaa. Toleo lisilo na bikizee ni toleo ambalo kisu hakijawekwa chini.